Programu huru za kuchora na kuchonga piesi: namna mwenye atelie anaweza kuchagua

Piesi moja ndogo inaweza kusimamisha kazi ya mtaa mzima. Sahani yenye kushikilia mota ya mashine ya kusaga ikipasuka, unga unakosa, na akina mama wanarudi nyumbani na beseni za mihogo bila kusagisha. Piesi mpya inaagizwa kwa wafanyabiashara wenye kwenda Kampala ao Dubai, ao fundi anachukua lima na msumeno na anaanza kuchonga kwa mkono.

Siku hizi kuko njia ya tatu. Mashine ndogo za kuchonga zenye kuongozwa na ordinatere, zenye mafundi wanaita CNC, zimeshuka bei, na kijana mwenye ujuzi anaweza hata kujiundia moja. Lakini mashine bila programu ni chuma tu. Hapo ndipo maswali yanaanza: programu gani ya kuchora? Programu gani ya kuchonga? Na ile yenye kuandikwa "bure", ni bure kweli?

Kwa atelie ya mashariki mwa Kongo, programu nzuri si ile yenye vifungo mingi. Ni ile yenye kufanya kazi siku intaneti haiko, yenye mtu anaweza kumpa mwenzake bila kuvunja sheria, na yenye haitafunga michoro ya fundi siku kampuni ya mbali inabadili masharti yake.

Bure si sawa na huru

Neno "bure" linaficha mambo mbili. Kuko programu zenye hazilipishwi leo, lakini ufunguo wake unabaki kwa kampuni. Mfano wenye kujulikana ni Fusion, programu ya kampuni Autodesk ya Marekani. Ina ruhusa ya bure, lakini ni kwa mtu binafsi mwenye hafanyi nayo biashara, na inaomba kufungua akaunti kwa intaneti. Mwaka 2020 kampuni ilipunguza mambo yenye ruhusa hiyo inatoa: mtumiaji wa bure akabaki na michoro 10 tu yenye anaweza kubadilisha kwa wakati mmoja, na faili zake za kuchonga zikapoteza mwendo wa haraka wa kisu. Kampuni ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini atelie yenye kuchonga piesi za kuuza haina nafasi katika ruhusa hiyo.

Programu huru ni kitu kingine. Ruhusa yake inampa kila mtu haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, hata biashara; kusoma namna imeandikwa; kuigawa; na kuibadilisha. Wazo hilo lilisimamishwa na Mmarekani Richard Stallman, mwenye alianzisha mradi wa GNU mwaka 1983. Kwa fundi wa Butembo ao Uvira, haki ya kugawa ndiyo yenye kuonekana haraka: mtu mmoja anapakua programu mara moja kwenye intaneti nzuri, anaiweka kwenye flashi, na shule nzima ya ufundi inaipata bila mega hata moja na bila kuiba.

Kuko pia njia ya tatu, yenye watu wanaifanya sana: programu ya kulipisha yenye imevunjwa kufuli na inauzwa kwenye flashi sokoni. Mara mingi inakuja na virusi, na haiwezi kupata marekebisho. Mtu mwenye kutegemea programu ya namna hiyo anaweza kuamka siku moja na kukuta michoro yote haifunguki.

Kazi ina hatua tatu

Watu mingi wanatafuta programu moja ya kufanya kila kitu. Ni vizuri kwanza kutenganisha hatua tatu, juu kila moja ina mahitaji yake.

Hatua ya kwanza ni kuchora piesi na vipimo vyake. Hatua ya pili ni kupanga njia ya kisu: kitapita wapi, kitashuka kiasi gani, kwa mwendo gani. Hatua ya tatu ni kuongoza mashine yenyewe, kugeuza maagizo kuwa mizunguko ya mota.

Kati ya hatua ya pili na ya tatu kuko lugha moja yenye karibu mashine zote zinaelewa: G-code. Ni faili ya maandishi tu, yenye inaweza kufunguliwa na programu yoyote ya kuandika. Amri chache zinatosha kwa kuanza kuisoma:

G21: vipimo ni milimita (G20 ni inchi).
G90: vipimo vinahesabiwa tangu sifuri ya kazi.
G0: kwenda haraka bila kukata.
G1: kwenda kwa mstari huku kisu kinakata, kwa mwendo wenye unaandikwa na herufi F.
M3 na M5: kuwasha na kuzima mota ya kisu.

Fundi mwenye kujua amri hizi anaweza kufungua faili na kuona kosa mbele kisu hakijagusa mti. Kosa la inchi na milimita ndilo lenye kujulikana sana: inchi moja ni milimita 25,4, na mashine yenye kuchanganya vipimo hivyo inaenda kugonga ukingo wake.

Kuchora: programu gani kwa kazi gani

Kwa piesi za bapa, sawa vile sahani, kifuniko ao kishikizi, LibreCAD inatosha. Inachora kwa upande mmoja tu, bila unene, na ni nyepesi hata kwa ordinatere ya zamani. Inatoa faili za DXF, zenye karibu programu zote za kuchonga zinaweza kusoma.

SolveSpace ni ndogo zaidi: mega chache tu, na haiombi kusimikwa, inafunguka moja kwa moja kwenye flashi. Lakini inaweza kuchora piesi yenye unene na kufunga vipimo pamoja. Fundi anaandika kwamba tundu hili liko milimita 15 tangu ukingo, na likibaki hivyo, kila kitu kingine kinafuata. Kwa mtu mwenye ordinatere yenye nguvu kidogo, ni chaguo zuri sana.

FreeCAD ndiyo kubwa kati ya hizi. Ilianza kutolewa mwaka 2002, inafanya kazi kwa Windows, Linux na Mac, na inaweza kuonekana kwa Kifaransa. Inaweka kumbukumbu ya kila hatua ya mchoro, hivi kwamba fundi anaweza kurudi nyuma, kubadili unene kutoka milimita 8 mpaka 10, na piesi yote inajipanga upya. Mwezi wa kumi na moja 2024 ilitoka toleo 1.0. Matoleo ya mbele yake yalikuwa na shida moja yenye kuudhi: kubadili kitu cha mwanzo kuliweza kuvuruga vitu vyenye vimejengwa juu yake. Toleo 1.0 lilipunguza sana shida hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye kupewa FreeCAD kwenye flashi ya rafiki aangalie kwanza ni toleo gani. Ubaya wake ni uzito, na siku za kwanza ni ngumu: vyumba vya kazi ni mingi, na mwanafunzi anapotea. Dawa ni kuanza na vyumba tatu tu: kile cha michoro ya bapa, kile cha kujenga piesi, na kile cha kuchonga.

Inkscape ni nzuri kwa maandishi, alama na mapambo: kibao cha duka, jina kwenye mlango, picha ya kuchonga kwenye mti. Haikutengenezwa kwa piesi zenye kuingiliana kwa vipimo vya karibu. OpenSCAD inachora kwa kuandika maneno na hesabu. Wenye kupenda kuandika programu wanaifurahia, wengine wanachoka haraka. Blender ni ya sinema na sanamu. Fundi wa piesi anaweza kuiacha.

Kupanga njia ya kisu

Hapa uchaguzi si mkubwa, na FreeCAD inaongoza. Chumba chake cha kuchonga kilikuwa kinaitwa Path. Tangu toleo 1.0 kinaitwa CAM. Kinaweza kuzunguka ukingo wa piesi, kuchimba shimo la bapa, kutoboa matundu, na kutoa G-code kwa mashine mbalimbali. SolveSpace pia inaweza kutoa G-code kwa mchoro wa bapa, na Inkscape ina chombo kinachoitwa Gcodetools.

Mbele ya kuchonga, ni lazima kuangalia kazi kwenye kioo. FreeCAD ina namna yake ya kuonyesha kisu kinavyopita. CAMotics, programu nyingine huru, inasoma G-code yoyote na kuonyesha mti unavyokatwa. Dakika tano kwenye kioo zinaokoa kisu cha dola kadhaa, tena kisu chenye pengine hakipatikani mjini.

Kuko mambo mbili yenye mchoraji mpya anasahau. La kwanza: kisu ni cha mviringo. Kisu cha milimita 6 hakiwezi kuacha kona ya ndani yenye ncha. Kitaacha mviringo wa nusu kipenyo, ni kusema milimita 3. Kama kitu cha mraba kinapashwa kuingia hapo, hakitaingia. La pili: piesi ikimaliza kukatwa pande zote, hakuna kitu tena chenye kuishika, na kisu kinaweza kuirusha. Kwa hiyo programu inaombwa kuacha vishikizi vidogo kwenye ukingo, vyenye vinakatwa na msumeno kiisha kazi.

Mwendo wa kisu unapatikana kwa hesabu rahisi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya kisu, mara unene wenye kila jino linakata. Kwa plywood, kisu cha meno 2 chenye kuzunguka mara 12 000 kwa dakika, kila jino likikata milimita 0,05, kinaenda milimita 1 200 kwa dakika. Mashine dhaifu inaanzia chini ya hapo. Lakini kwenda polepole kupita kiasi si usalama: kisu kinasugua badala ya kukata, kinapata moto na kinaunguza mti.

Kuongoza mashine

Kwa mashine ndogo, jina lenye linarudi kila mara ni grbl. Ni programu huru yenye ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway. Inaishi ndani ya kadi ndogo ya Arduino Uno, na inaongoza mihimili tatu. Ordinatere inabaki na kazi nyepesi ya kutuma G-code mstari kwa mstari, kwa msaada wa programu sawa vile Universal Gcode Sender, bCNC ao Candle. Kwa hiyo hata laptopu ya zamani inatosha.

Kwa mashine kubwa, LinuxCNC ina nguvu zaidi. Mizizi yake ni mradi wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST. Inaweza kuongoza mihimili mingi na hata mashine kubwa ya zamani ya kiwanda yenye kadi yake ilikufa. Lakini inaomba Linux ya namna ya pekee yenye kuheshimu wakati, na inapenda ordinatere ya mezani. Laptopu mingi zinachelewa kwa vipindi vidogo vyenye kuharibu mwendo wa mota. Kwa atelie yenye kuanza, grbl ni rahisi zaidi.

Kipimo cha kwanza cha kufanya na grbl ni kujua kama milimita 100 ni milimita 100 kweli. Hesabu ya hatua kwa milimita inaandikwa kwenye namba $100, $101 na $102, moja kwa kila mhimili. Kama mota ina hatua 200 kwa mzunguko, kadi inagawa kila hatua mara 8, na skrubu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, basi ni hatua 200 kwa milimita. Fundi anaagiza mashine isogee milimita 100, anapima. Ikisogea 98, anazidisha 200 kwa 100, anagawa kwa 98, na anaandika 204,08. Bila kazi hii, mchoro mzuri kabisa utatoa piesi yenye haifungiki.

Umeme ukikatika

Mashine yenye grbl ikikosa umeme katikati ya kazi, haijui tena kisu kiko fasi gani. Laptopu inaendelea na betri yake sawa hakuna kitu, lakini mota zimesimama. Fundi mwenye kuwasha na kuendelea tu anaharibu piesi.

Dawa ni swichi ndogo za mwisho wa mhimili. Ukiweka $22=1, mashine inaweza kwenda kugusa swichi hizo na kupata tena sifuri yake. Sifuri ya kazi yenyewe, yenye kuandikwa na G54, grbl inaitunza ndani ya kadi hata bila umeme. Kwa hiyo, kama piesi haikusogezwa kwenye meza, kazi inaweza kurudiwa ao kuendelea tangu mstari wenye kujulikana. Swichi tatu za bei ndogo zina faida kuliko programu yoyote ya kulipisha.

Inasaidia pia kugawa kazi kubwa kuwa faili fupi: moja ya matundu, moja ya shimo la ndani, moja ya ukingo. Umeme ukienda, kinachopotea ni sehemu, si siku nzima.

Mfano: sahani ya mota

Turudi kwa sahani yenye kupasuka. Tuseme ina urefu wa milimita 120, upana 80, unene 10, na matundu 4 ya bulo za M8, ni kusema milimita 9 kila moja. Mashine ndogo yenye mwili mwepesi haiwezi kuchonga chuma. Hakuna programu yenye kubadili jambo hilo. Inachonga mti, plastiki, na aluminium polepole.

Lakini inaweza kuchonga modeli ya mti. Mafundi wenye kuyeyusha aluminium na kumimina vyungu ndani ya mchanga wanaweza kutumia modeli hiyo kwa kumimina sahani. Hapo programu inaonyesha faida yake: aluminium ikipoa inasinyaa karibu asilimia 1,3, hivyo modeli inapashwa kuwa kubwa kidogo, karibu 121,6 kwa 81. Katika FreeCAD hiyo ni kubadili namba chache tu. Kingo zinainamishwa karibu digri 2 ili modeli itoke kwenye mchanga bila kuubomoa. Matundu yanaachwa, yanatobolewa kiisha, na sahani yenyewe mkononi. Kwa kisu cha milimita 6, chenye kushuka milimita 3 kila mara, mizunguko 4 inatosha.

Aluminium si chuma. Kama sahani ya kwanza ilipasuka juu ya uzito ao kutetemeka, ile mpya inahitaji unene zaidi, ao fundi anachagua kukata chuma kwa mkono.

Bila mashine pia inawezekana

Atelie mingi hazina CNC, na hazipashwi kungoja. LibreCAD na FreeCAD zinaweza kuchapa mchoro kwa ukubwa wake wa kweli. Karatasi inabandikwa kwenye chuma, vituo vya matundu vinapigwa alama na ncha ya chuma, na kutoboa kunaanza. Kitu kimoja cha kuangalia: mchoro uwe na mstari wa milimita 100 pembeni. Ukichapwa na kupimwa 97, printa imepunguza, na karatasi hiyo inatupwa.

Namna hii inafaa pia kwa shule za ufundi. Mwanafunzi anajifunza kuchora vizuri leo, na siku mashine inafika, mchoro uko tayari.

Kuanza na flashi moja

Mtu mwenye kutaka kuanza anaweza kukusanya kwenye flashi moja: FreeCAD 1.0 ao ya mbele zaidi, LibreCAD ao SolveSpace, CAMotics, Universal Gcode Sender na faili ya grbl, kila moja kutoka ukurasa wa mradi wenyewe. FreeCAD iko na namna yenye haiombi kusimikwa kwa Windows, na faili moja tu ya kufungua kwa Linux. Aongeze vitabu vya maelezo, juu siku ya swali mara mingi ni siku intaneti haiko.

Michoro yenyewe itunzwe mara mbili: kwa namna ya programu, na kwa STEP ao DXF, zenye programu zingine zinaweza kusoma. Nakala moja ibaki nje ya atelie. Piesi ikivunjika tena mwaka kesho, hata kama fundi wa kwanza amehama, mwingine atafungua mchoro huo na mashine ya kusaga itarudia kazi.